Neno la Kiitalia

Pengine, ewe msomaji, wadhani ya kuwa kazi ya mwamuzi wa mchezo wa panga ni kuhesabu mapigo tu. Hiyo ndiyo sehemu iliyo nyepesi. Iliyo nzito ni kukata shauri kama mchezaji aliyefoka amevunja adabu, au ametoa uchungu wa kushindwa tu. Hebu tuitazame Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 1924.

Zama hizo hapakuwa na taa ya umeme ya kuonyesha pigo la foili, yaani upanga mwembamba wenye ncha butu. Waamuzi walitegemea macho yao. Timu ya Italia ilipopambana na ya Ufaransa, Aldo Boni na Lucien Gaudin walikuwa sawasawa, mapigo manne kwa manne. Pigo la tano, lililo la mwisho, akapewa Mfaransa. Boni akapandwa na hasira, akamtolea maneno makali mwamuzi György Kovács, mtu wa Hungaria. Kovács akataka aombwe radhi. Boni akakana katakata ya kuwa alitukana.

Hapo ndipo penye fundo, kwa maana tusi haliachi alama mwilini. Kovács akamleta shahidi, Italo Santelli, Mwitalia aliyekuwa akiwafundisha Wahungaria, naye akathibitisha shingo upande. Waitalia wakatoka wakiimba wimbo wa Kifashisti. Mimi naona mwamuzi alikuwa na haki ya kuchukizwa, walakini njia aliyoishika ilikuwa mbaya: alimlazimisha mtu kushuhudia juu ya watu wa kwao, na kosa la mchezaji mmoja likawa ugomvi wa mataifa mawili. Santelli akasingiziwa maneno mengi. Mwishowe mwanawe Giorgio akasimama mahali pa baba yake, akapigana kwa silaha za kweli na Mwitalia Adolfo Cotronei, akamjeruhi kichwani.

Katika mashindano ya vitara Kovács alidai ya kuwa Waitalia watatu walijiachia washindwe na mwenzao, Oreste Puliti. Puliti akatishia kumchapa bakora, akaondolewa. Husimuliwa ya kuwa walipokutana tena mjini Paris, Puliti alimkabili kwa maneno, naye Kovács akajibu ya kuwa hajui Kiitalia. Ndiye yule yule aliyedai radhi kwa neno la Kiitalia! Puliti akampiga usoni, akamwambia ya kuwa hilo hawezi kukosa kulifahamu.

Siku hizi ziko kadi. Apingaye uamuzi bila sababu huonyeshwa ya njano, nayo ni onyo. Akirudia hupewa nyekundu, na mpinzani wake huongezewa pigo. Nyeusi ni ya kumfukuza. Mwamuzi huadhibu papo hapo, na mchezo huendelea.

Kovács na Puliti hawakuwa na ngazi hiyo. Mnamo Novemba 1924 walikutana Nagykanizsa, katika Hungaria, wakapigana kwa vitara muda wa saa moja hivi, hata watazamaji wakawatenganisha kwa kuogopa majeraha yao. Kisha wakapeana mikono.