Umeambiwa una ugonjwa wa sukari: miezi ya kwanza

Mtu anakonda, anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa, kiu haiishi, macho yanaona ukungu. Katika mitaa yetu ya Kivu, jambo la kwanza linalosemwa si ugonjwa wa sukari. Majirani wanasema amelishwa karuho. Wengine wananong'ona ukimwi. Familia inaanza kutafuta ni nani aliyemkaribisha chakula, na miezi inapita kabla ya mtu kufikiri kumpeleka kituo cha afya akatobolewe kidole. Siku majibu yanapotoka, mgonjwa amekwisha kuchoka mwili na roho, na mara nyingi amegombana na shemeji yake bure. Tunaandika kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya wale watakaomtembelea juma hili.

Tuanze na karatasi ya maabara. Kwetu kipimo, ambacho wengi hukiita glisemi, huandikwa sana kwa miligramu kwa desilita. Asubuhi kabla ya kula chochote, 126 au zaidi ni ugonjwa wa sukari. Kama mtu hana dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kuamua. Saa yoyote ya siku, 200 au zaidi pamoja na dalili tulizotaja inatosha. Maabara nyingine hutumia milimoli kwa lita, na hapo 7 ndiyo sawa na 126. Nunua daftari, andika namba yako ya kwanza na tarehe. Daktari atakayekupokea mwaka ujao, pengine katika mji mwingine, ataitaka.

Ndani ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, kinachotoa insulini. Insulini ndiyo inayoruhusu sukari itoke katika damu na kuingia katika viungo vinavyoihitaji. Katika aina ya kwanza ya ugonjwa huu, inayoonekana sana kwa watoto na vijana, sehemu inayotengeneza insulini imeharibiwa na kinga ya mwili wenyewe. Katika aina ya pili, ambayo ni ya watu wazima wengi, insulini ipo lakini mwili hauitii vizuri, na polepole inapungua. Watu husema huu ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi. Si kweli. Wakulima wembamba wanaupata pia. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya tano, ile inayofungamana na kukosa chakula cha kutosha, hasa utotoni. Kwa watu ambao wamekuwa wakikimbia vita tangu 1996, habari hiyo inatuhusu.

Sasa tufike pale panapotuuma sisi wachungaji. Mgonjwa anatoka hospitali na dawa zake, anaingia chumba cha maombi, anaambiwa amepona, anaacha dawa ili kuonyesha imani. Kwa mtu wa aina ya pili anayemeza vidonge, madhara huja taratibu: macho, figo, mishipa ya miguu. Anaweza kujisikia vizuri miezi mingi na kushuhudia mbele ya kanisa, huku sukari inapanda. Lakini kwa mtoto wa aina ya kwanza, kuacha insulini ni suala la siku chache tu. Anaanza kutapika, anapumua kwa nguvu na kwa haraka, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno, kisha anapoteza fahamu. Kabla ya insulini hakuna mtoto wa namna hii aliyepona. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, mjini Toronto, Januari 1922, naye akaishi miaka 13 zaidi. Tangu hapo mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kukua, kusoma na kuoa, mradi sindano isikosekane.

Kwa hiyo tunasema wazi: hakuna mtumishi mwenye mamlaka ya kumwondolea mtu dawa. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, akaongezewa miaka 15, na nabii yuleyule aliyempelekea habari hiyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Isaya hakuona kwamba dawa inapunguza ahadi. Anayeamini kwamba ameponywa aende apimwe, aendelee na dawa, na daktari ndiye atakayepunguza kipimo kama namba zinaruhusu. Vivyo hivyo kwa mizizi na majani ya kienyeji: ukiyatumia, mwambie muuguzi. Usiyafiche, maana ukichanganya na vidonge, sukari inaweza kushuka ghafla.

Kushuka huko ndiko makanisa mengi hayakujui. Mtu anayechomwa insulini, au anayemeza glibenklamidi, akikosa kula anaweza kuwa chini ya 70. Anatoka jasho baridi, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka, anakuwa mkali, anaanguka. Hebu fikiri haya yakitokea siku ya pili ya maombi ya kufunga bila maji. Watu watamzunguka na kukemea pepo kwa saa nzima, na hapo ubongo wake unakosa sukari. Mpe kwanza vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ya sukre. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, maana kitampalia. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali. Tunawaomba mashemasi waweke sukari na chupa ya maji katika ofisi ya kanisa, mahali panapojulikana na wote.

Juu ya kufunga, basi, ushauri wetu ni huu: mwenye ugonjwa wa sukari asifunge chakula bila kuzungumza na daktari wake, na anayechoma insulini asijaribu. Anaweza kufunga simu, na wengine wetu hiyo ingetugharimu zaidi. Meza ya Bwana haina tatizo; kipande kile cha mkate na kikombe kidogo havibadilishi kitu.

Chakula huwatisha watu kuliko sindano, kwa sababu wanadhani wataanza kula chakula cha wazungu. Endelea na chakula cha nyumbani, ila badilisha vipimo katika sahani. Bugali, uwe wa muhogo au wa mahindi, ushuke mpaka robo ya sahani. Nusu ijazwe mboga: lengalenga, kabichi, sombe isiyoogelea katika mawese. Robo iliyobaki ni maharagi, sambaza, ndagala au yai. Wali na viazi vihesabiwe pamoja na bugali, si kama mboga. Chai isiwe na sukari, na asali ni sukari pia, hata ikitoka msituni Walikale. Chupa ya sukre ya sentilita 33 ina gramu kama 35 za sukari, karibu vijiko 8 vya chai. Hapa wachungaji tumo hatarini, kwani kila nyumba tunayotembelea inafungua chupa kwa heshima. Wamama, mtupe maji, hatutakasirika. Na familia yote ile sahani moja na mgonjwa. Anayepikiwa peke yake huona kwamba ametengwa.

Kutembea dakika 30 kwa siku kunasaidia sana, na wengi wetu tunafanya hivyo tayari kwenda shamba au soko. Miguu ichunguzwe kila jioni, hata katikati ya vidole, maana ugonjwa huu huua hisia na mtu anaweza kukanyaga msumari asijue. Usiote moto kwa nyayo. Usiende bila viatu. Kidonda kisichopona kwa siku chache kionwe na muuguzi.

Linabaki suala la insulini mahali pasipo umeme. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka friji, kati ya nyuzi 2 na 8, wala isigande. Iliyofunguliwa inakaa nje muda wa majuma manne hivi, mbali na jua na jiko. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza utafiti uliofuata joto la kambi ya Dadaab nchini Kenya: insulini iliyokaa majuma manne kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, na mchanga wenye maji katikati, hupoza vya kutosha kwa nyumba nyingi.

Na kwa kuwa tunaishi tunapoishi, tayarisha mfuko mdogo wa kukimbia nao: dawa za mwezi mmoja kama zinapatikana, sindano, daftari lenye jina la dawa na kipimo chake, sukari iliyofungwa vizuri, soksi na viatu vilivyofunika vidole. Mwonyeshe mtoto mkubwa wa nyumba mahali mfuko ulipo. Ukifika katika kambi au kwa jamaa, tafuta kituo cha afya siku ileile, kabla dawa haijaisha.