Nani Amevaa Joho? Krismasi, Umaskini na Shaka katika Good Cheer (1926)

Ni rahisi kuichukulia Good Cheer, filamu fupi ya vichekesho iliyotengenezwa na studio ya Hal Roach, kuwa kiburudisho cha msimu tu: watoto maskini, theluji, Baba Krismasi, na mwisho mwema. Usomaji huo unaipunja. Makala hii inadai kwamba kicheko cha filamu hii kimejengwa juu ya shaka, na kwamba chini ya upole wake inawazoesha watoto kumtazama mleta zawadi kwa jicho la askari.

Filamu hii bubu iliongozwa na Robert F. McGowan, aliyewahi kuwa zimamoto mjini Denver, na ni sehemu ya mfululizo wa Our Gang ulioanza mwaka 1922. Ni mkesha wa Krismasi. Baridi ni kali, na watoto wamejazana nje ya duka wakikodolea macho midoli ambayo hakuna hata mmoja wao anayeweza kuinunua. Mjini humo humo, genge la wauza pombe ya magendo limejivika majoho ya Baba Krismasi ili lipite na mzigo wake bila kushukiwa. Mtazamaji wa 1926 hakuhitaji maelezo. Marufuku ya pombe ilikuwa imeanza Marekani Januari 1920, nayo haikuondolewa hadi Desemba 1933. Kila mtu alijua kwamba chupa zilikuwa zikisafiri kwa kila aina ya hila. Kilichokuwa kipya ni hila yenyewe kuchaguliwa kuwa lile vazi ambalo mtoto hufundishwa kuliamini kuliko mavazi yote.

Uzito wa uchaguzi huo unaonekana tukirudi nyuma miaka 17, kwenye A Trap for Santa Claus ya D. W. Griffith, iliyotolewa na kampuni ya Biograph mwaka 1909. Ile si filamu ya vichekesho, lakini viungo vyake ni karibu vile vile: umaskini, pombe, mwizi, watoto na Krismasi. Baba asiye na kazi anazama katika ulevi na kuitelekeza familia yake. Mke anapata urithi, maisha yanabadilika. Usiku wa Krismasi watoto wanatega mtego dirishani wamnase Baba Krismasi. Anayeingia kuiba ni baba yao. Hapo ndipo Griffith anapoonyesha imani yake. Mama anamsamehe mumewe, na aliyeingia kama mwizi anawatokea wanawe kama Baba Krismasi. Kwa Griffith, joho humtakasa mwizi. Kwa McGowan, mhalifu huliazima joho ili aendelee na uhalifu wake.

Nini kilitokea katikati? Marufuku ya pombe ni jibu la nusu tu. Nusu ya pili ni duka. Tangu mwaka 1890, mfanyabiashara James Edgar alipojivika vazi la Baba Krismasi dukani kwake Brockton, Massachusetts, maduka makubwa yalizidi kumwajiri mzee huyo kila Desemba, na mwaka 1924 kampuni ya Macy's ikamweka mwishoni mwa gwaride lake la kwanza jijini New York. Kufikia hapo joho lilikuwa sare ya kazi. Sare hushonwa kwa wingi, na anayeivaa habebi dhamana yoyote zaidi ya kuivaa. Good Cheer inacheka na jambo hilo hasa: Baba Krismasi akiwa mmoja, mtoto humsubiri, wakiwa genge zima, inabidi aanze kuwahesabu.

Mtu anaweza kupinga kwamba haya ni mzigo mkubwa mno kuutwika mchezo wa dakika 20, na kwamba studio ya Roach ingemvalisha mhalifu chochote mradi kupatikane mbio na purukushani. Nakubali sehemu ya kwanza. Lakini purukushani hii haiendeshwi na watu wazima: genge linaingia mikononi mwa watoto wale wale waliokuwa wakitetemeka mbele ya kioo cha duka. Walioachwa nje ya biashara ya zawadi ndio wanaoitambua bandia yake.

Ukimya wa filamu nao ulisaidia. Kwa kuwa hakukuwa na sauti ya kunasa, McGowan aliweza kuwaelekeza watoto kwa mdomo huku kamera ikizunguka, akiwaeleza kinachotokea badala ya kuwakaririsha maneno. Ndiyo maana nyuso zao hushtuka kweli kweli.

Kuna kasoro ambayo mhakiki hawezi kuipita kimya. Our Gang iliwaweka watoto weusi na weupe katika kundi moja wakati sheria za majimbo mengi ya Marekani zikiwatenganisha shuleni, na hilo si dogo. Katika baridi ya Good Cheer, Farina, yaani mwigizaji mtoto mweusi Allen Hoskins, anatetemeka sawa na wenzake. Ila usawa huo wa umaskini haukufika kwenye mzaha. Katika mfululizo mzima maandishi ya skrini yalimpa Farina Kiingereza kilichopindwa ili achekwe, na nywele zake zikasukwa mikia ya utepe hadi watazamaji wakawa hawajui ni mvulana au msichana. Filamu inayomfundisha mtoto kulishuku vazi ilimvika mmoja wa watoto wake vazi ambalo haikulishuku hata kidogo. Hoskins alilivaa katika filamu zaidi ya 100, hadi alipoondoka mwaka 1931.

Kwa hiyo nawaomba wanaofundisha historia ya filamu wasiifungie Good Cheer katika wiki ya mwisho ya Desemba. Waionyeshe pamoja na ile ya Griffith, mwezi wowote, na wamjadili Farina darasani badala ya kumwachia tanbihi. Hata Roach mwenyewe hakuisubiri sikukuu: filamu yake ya Krismasi ilitolewa tarehe 10 Januari 1926.