Z: Filamu ya mauaji ya mbunge wa Ugiriki

Z ni miongoni mwa filamu maarufu zaidi duniani kuhusu mauaji ya kisiasa. Ilitoka mwaka 1969, kwa lugha ya Kifaransa, ikiongozwa na Costa-Gavras, mzaliwa wa Ugiriki. Tunaieleza hapa kwa sababu kisa chake kilitokea kweli.

Tukio lenyewe

Mei 22, 1963, mbunge Grigoris Lambrakis, daktari na mwanariadha wa zamani, alihutubia mkutano wa kutetea amani mjini Thessaloniki. Alipotoka nje, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, mfano wa haya maguta tunayoyaona magulioni, ilimjia kwa kasi. Mtu aliyekuwa nyuma akampiga rungu kichwani, mbele ya polisi wengi. Alifariki siku tano baadaye.

Wananchi waliomboleza wakiandika ukutani herufi Z, yenye maana ya "anaishi" kwa Kigiriki.

Filamu inaonyesha nini?

Filamu haitaji nchi wala jina la mbunge. Lakini mwanzoni inatangaza kwamba kufanana kwake na watu wa kweli ni kwa makusudi.

Mauaji yanapita mapema. Sehemu kubwa ni ya hakimu kijana, aliyeigizwa na Jean-Louis Trintignant, anayepewa kazi ya kuchunguza. Wakubwa wanataka aandike kwamba ni ajali ya dereva mlevi. Yeye hagombani na mtu. Anauliza swali, anaandika jibu, anaita shahidi mwingine. Anasikia watu tofauti wakirudia maneno yale yale, kana kwamba wamefundishwa. Taratibu ushahidi unapanda kutoka kwa vibarua hadi kwa majenerali.

Baada ya hapo

Aprili 1967 jeshi lilipindua serikali ya Ugiriki, hivyo filamu ikapigwa Algeria. Ugiriki iliizuia hadi utawala huo ulipoanguka mwaka 1974. Algeria ndiyo iliyoiwasilisha kwenye tuzo za Oscar, na ikashinda kama filamu bora ya lugha ya kigeni.

Je, hakimu wa kweli? Aliitwa Christos Sartzetakis. Wanajeshi walimfukuza kazi na baadaye wakamfunga. Mwaka 1985, bunge la nchi hiyo hiyo lilimchagua kuwa Rais wa Ugiriki.