Krismasi ya Kafyu: Uganda, Desemba 2020

Historia ya korona nchini Uganda husimuliwa zaidi kwa tarehe za serikali. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Museveni alitangaza kufungwa kwa shule na kupigwa marufuku kwa mikusanyiko, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajathibitishwa nchini. Tarehe 31 Machi kafyu ilianza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pasaka ya mwaka huo tuliisalia nyumbani, redio ikiwa mezani. Tarehe hizi ni muhimu, lakini hazitoshi. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba utiifu wa sikukuu ulifanyika zaidi ndani ya nyumba, na huko hakukuwa na mwandishi.

Kufikia Desemba masharti yalikuwa yamelegezwa. Kafyu ilianza saa tatu usiku. Makanisa na misikiti ilikuwa imefunguliwa kwa idadi maalumu ya waumini. Bodaboda zilibeba abiria tena, mwisho saa kumi na mbili jioni. Serikali haikuondoa kafyu kwa ajili ya Krismasi wala mkesha wa mwaka mpya, ila kusafiri kwenda kijijini hakukukatazwa. Isitoshe, uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021 ulikuwa umekaribia. Mwezi Novemba mgombea Bobi Wine alikamatwa huko Luuka akidaiwa kukiuka masharti ya korona, na watu zaidi ya hamsini wakauawa katika ghasia zilizofuata. Baada ya hapo, wengi mtaani kwetu waliona barakoa ni mambo ya siasa tu.

Baba yangu huendesha bodaboda Kampala. Kila mwaka tulikuwa tukienda Masaka kwa bibi kabla ya sikukuu. Mwaka huo alikataa.

"Kutwa nzima watu wananipumulia mgongoni," alisema. "Nitampelekea mama nini?"

Chanjo haikuwepo, dozi za kwanza ziliingia nchini Machi 2021. Baba akatuma pesa kwa simu. Bibi alikuwa ameshachinja jogoo. Siku ya Krismasi alipiga simu, akauliza swali moja: "Kwa hiyo mwanangu ananiogopa?" Baba alinyamaza mpaka simu ikakatika.

Shangazi na watoto wake walikwenda. Walikula, wakarudi, na hakuna aliyeugua. Hadi leo shangazi hutumia safari ile kama ushahidi kwamba baba alimwonea mama yake.

Mwanafunzi wa historia afanye nini na ushahidi kama huo? Waliokufa wana rejista hospitalini. Waliokamatwa kwa kuvunja kafyu wana majalada polisi. Lakini mtu ambaye hakuugua kwa sababu mgeni hakuja hana karatasi yoyote. Kinga ikifaulu haiachi alama; kinachobaki ni gharama yake tu. Siwezi kuthibitisha kwamba baba alimwokoa bibi. Naweza kuthibitisha ujumbe wa pesa uliobaki kwenye simu yake, na kinyongo kilichobaki kati yake na dada yake. Tukisoma majalada peke yake, tutadhani Waganda walitii kwa sababu ya kuogopa askari. Baba hakuogopa askari. Hakuna askari ambaye angemzuia kwenda Masaka.

Juni 2021 wimbi la pili lilikuja kwa kishindo na nchi ikafungwa tena kwa siku 42. Siku chache kabla ya hapo bibi mwenyewe alipiga simu. "Msije," alisema. Hakusema kwamba baba alikuwa sahihi, na baba hakumkumbusha.

Tulikwenda Krismasi ya 2021. Kafyu ilikuwa bado ipo, saa moja jioni, hivyo tuliondoka alfajiri. Bibi alitupokea mlangoni, akatushika mikono mmoja mmoja. Alipomfikia baba, akamwambia ana deni la jogoo mmoja.