CD34 Kakamega: hoja ya kuhesabu seli shina magharibi mwa Kenya

Katika zahanati za Kaunti ya Kakamega, kuanzia Lugari hadi Khwisero, kingamwili za monokloni hufanya kazi kila siku bila kutajwa. Mtoto mwenye homa hudungwa kidole, na tone la damu yake husambaa juu ya ukanda mwembamba uliopakwa kingamwili zinazonasa HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria aina ya falciparum. Baada ya dakika 15 au 20 mstari hujitokeza, au haujitokezi. Kipimo cha mimba kinachouzwa katika duka la dawa hunasa homoni kwa mbinu hiyo hiyo. Na kwa miaka mingi, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walipimwa seli za CD4 kwa kingamwili zilizotiwa rangi inayong'aa.

Ndiyo maana si sahihi kuichukulia kazi ya kutambua protini ya seli shina kwa kingamwili kuwa sayansi ya mbali isiyouhusu mji kama Kakamega. Protini inayozungumziwa hapa ni CD34, alama iliyo juu ya ngozi ya seli changa za uboho, zile zinazozaa damu yote ya binadamu. Makala haya yanadai kwamba maabara ya rufaa inayohudumia magharibi mwa Kenya inapaswa kuwa na uwezo wa kuitambua na kuihesabu CD34, na kwamba sababu kubwa ya kudai hivyo ni selimundu na saratani za damu.

Kingamwili za monokloni zilitengenezwa mara ya kwanza Cambridge, Uingereza. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein walieleza jinsi walivyochukua seli za wengu za panya aliyechanjwa chembe nyekundu za damu ya kondoo, wakaziunganisha na seli za saratani ya mieloma zisizochoka kugawanyika. Mseto huo, haibridoma, ulirithi mambo mawili: kutoka kwa seli ya wengu ulipata uwezo wa kutoa kingamwili ya aina moja tu, na kutoka kwa saratani ulipata maisha yasiyo na ukomo. Tangu hapo maabara mbili zilizo mabara tofauti zingeweza kutumia kingamwili ile ile na kulinganisha majibu. Wawili hao, pamoja na Niels Jerne, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Mbinu yenyewe haikuwahi kuwekewa hataza nchini Uingereza, na ulimwengu mzima uliitumia.

Mwaka huo huo wa 1984, Curt Civin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore walichapisha habari za kingamwili waliyoiita My-10. Walikuwa wamewachanja panya kwa KG-1a, ukoo wa seli uliotokana na lukemia ya mtu mzima, kisha wakatafuta miongoni mwa haibridoma zao ile itakayoshika seli changa za uboho na kuziacha zilizokomaa. My-10 ilishika asilimia 1 hadi 4 tu ya seli za uboho wa kawaida, na humo ndani mlikuwa na karibu seli zote zilizoweza kuzaa makundi ya seli za damu maabarani. Protini iliyoshikwa ndiyo iliyokuja kuitwa CD34. Miaka minne baadaye, watafiti wa Seattle waliwapiga nyani mionzi mikali iliyoua uboho wao, wakawarudishia seli zilizochujwa kwa kingamwili ya CD34 peke yake. Damu ya nyani hao ikarudi. Pale ndipo jambo lilipothibitika: kilichoonekana kwa kingamwili kilikuwa na nguvu ya kujenga damu upya.

Tofauti na kazi ya Cambridge, ya Baltimore iliwekewa hataza, na miaka ya 1990 kampuni ya CellPro ilishindwa mahakamani kwa kuzikiuka. Leo hataza hizo za mwanzo zimekwisha muda, na kingamwili za CD34 hutengenezwa na kampuni nyingi. Kizuizi kilichobaki ni mashine, vitendanishi na ujuzi.

Ujuzi ndio wenye uzito zaidi, kwa sababu kingamwili haioni protini nzima. Inashika kijisehemu chake tu, na CD34 imevikwa sukari nyingi zinazobadilika kutoka seli moja hadi nyingine. Wataalamu walizigawa kingamwili za CD34 katika madaraja matatu kulingana na jinsi sehemu zinazoshikwa zinavyoathirika pindi sukari hizo na protini yenyewe zinapokatwa na vimeng'enya. My-10 iko daraja la kwanza, na sehemu inayoishika hupotea kirahisi. Kingamwili ya 8G12 iko daraja la tatu, na sehemu yake hustahimili. Ndiyo maana utaratibu wa kimataifa wa kuhesabu seli za CD34, uliochapishwa mwaka 1996 na unaojulikana kama ISHAGE, unaelekeza kutumia daraja la pili au la tatu na kuacha la kwanza. Mnunuzi wa hospitali anayetazama bei na jina "CD34" tu kwenye kibandiko anaweza kuleta kingamwili halali kabisa itakayohesabu pungufu, na upungufu huo ukaamua hatima ya mgonjwa.

Utaratibu huo pia hauridhiki na kingamwili moja. Sampuli hutiwa kingamwili ya CD34 yenye rangi moja na ya CD45 yenye rangi nyingine, kisha seli hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza. Seli shina na ndugu zake wa karibu huwa na CD34 nyingi, CD45 hafifu, na mtawanyiko mdogo wa mwanga kwa kuwa ndani yake hamna chembechembe nyingi. Seli 75,000 zenye CD45 husomwa kwa uchache, na za CD34 zisipungue 100, ili hesabu isiwe ya kubahatisha. Rangi nyingine huonyesha seli zilizokufa, maana mfu naye hunasa kingamwili ovyo.

Hata hivyo CD34 si kitambulisho cha seli shina pekee. Seli za ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu zinayo. Seli nyingi za lukemia kali zinayo. Na katika uboho, wengi wa wenye CD34 ni seli zilizokwisha kuanza safari ya kukomaa; seli shina halisi ni wachache miongoni mwao, na hutenganishwa kwa alama zaidi, kama vile kukosa CD38. Kwa panya mambo hugeuka kabisa: mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba seli shina za damu za panya mzima zinazodumu muda mrefu hazina CD34 au zinayo kidogo mno. Anayesoma matokeo lazima ayajue hayo yote kabla ya kuandika ripoti.

Haja ya kazi hii ni kubwa hasa kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba chembe cha urithi cha selimundu hudumu pale palipo na malaria kwa sababu anayekirithi kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Damu aliyokuwa ameikusanya Kenya tangu 1949 ilionyesha kwamba chembe hicho kimejaa Pwani na katika eneo la ziwa, huku kikiwa haba nyanda za juu zenye baridi. Kakamega iko katika ukanda huo wa ziwa. Ni miongoni mwa kaunti nane ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 2019. Malaria na selimundu zimeishi pamoja hapa kwa vizazi, na mtoto anayerithi chembe hicho kutoka kwa wazazi wote wawili hulipa gharama ya kinga ya wengine: maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, kiharusi, vifo vya mapema.

Tarehe 16 Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu iliyo ya kwanza duniani kuhariri chembe za urithi kwa mbinu ya CRISPR, na Marekani ikafuata tarehe 8 Desemba. Tiba hiyo yote imesimama juu ya kingamwili ya CD34. Mgonjwa hupewa dawa ya plerixafor inayofukuza seli shina kutoka uboho hadi kwenye damu, kwa kuwa dawa iliyozoeleka ya kuziamsha, filgrastim, ni hatari kwa mwenye selimundu. Damu hupitishwa kwenye mashine, seli zenye CD34 hunaswa kwa kingamwili zilizofungwa kwenye chembe ndogo za sumaku, hupelekwa kiwandani kuhaririwa, kisha hurudishwa baada ya uboho wa zamani kuondolewa kwa dawa kali. Dozi haipaswi kupungua seli milioni 3 za CD34 kwa kila kilo ya uzito. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha katika jaribio, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa bei hiyo hakuna familia ya Shinyalu wala Mumias itakayoifikia tiba hii karibuni, na ni haki kukasirika. Lakini Casgevy si njia pekee. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji wa uboho mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023, kwa uboho wa ndugu anayelingana nao. Hospitali za umma za jirani zimeonyesha kwamba hatua hiyo inawezekana Afrika Mashariki. Katika upandikizaji, kujua ni seli ngapi za CD34 zimekusanywa si anasa ya utafiti. Zikiwa chache mno, uboho mpya huchelewa kushika au haushiki kabisa, na mgonjwa hubaki bila kinga.

Kuna pingamizi zito, na anayelitoa ana sababu. Kwa nini kuhesabu seli shina wakati watoto wengi wa magharibi mwa Kenya hukua bila kujulikana kama wana selimundu? Jibu ni kwamba upimaji wa watoto wachanga unatangulia, bila mjadala. Vipo vipimo vya papo hapo, kama HemoTypeSC, vinavyotumia kingamwili za monokloni kutofautisha himoglobini ya kawaida na ya selimundu kwa tone moja la damu, jambo ambalo kipimo cha zamani cha kuyeyusha himoglobini hakiwezi: hicho hakitofautishi mwenye ugonjwa na mbebaji. Mtoto agunduliwe, apate kinga dhidi ya bakteria, apate dawa ya haidroksiyurea. Shilingi ya kwanza iende huko.

Shilingi ya pili ndiyo yenye ubishi, na hapa lukemia inaingia. CD34 ni miongoni mwa alama za kawaida zinazotumika kutambua seli changa za lukemia kali na kusaidia kupanga aina yake, pamoja na alama nyingine kama CD19 na CD33. Mtoto wa Kakamega anayeshukiwa kuwa na lukemia hawezi kuanzishiwa dawa sahihi kwa kutazama kioo cha darubini peke yake. Sampuli yake ikisafirishwa hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 300, seli zinaendelea kufa njiani, na saa zinapopita usomaji hupotoka. Maabara iliyo karibu ingetumia CD34 wiki baada ya wiki kwa ajili ya wagonjwa hao, na mafundi wake wangekuwa na mikono iliyozoea siku upandikizaji utakapofika magharibi. Huduma ya kila siku ndiyo ingelipia maandalizi ya kesho.

Uzoefu wa CD4 ni mtaji wa kuanzia, ingawa una mipaka. Mashine ndogo zilizosambazwa kwa ajili ya CD4 zilifungwa kwa kazi hiyo moja na haziwezi kugeuzwa kuhesabu CD34. Zinazofaa ni zile za rangi nyingi zenye programu huru. Kilichobaki chenye thamani kutoka enzi hiyo ni watu: wanamaabara waliojifunza kutunza leza, kusoma michoro ya nukta na kushiriki katika upimaji wa ubora kutoka nje. Tangu mwaka 2016, Kenya ilipoamua kila mwenye virusi aanze dawa bila kungoja hesabu ya CD4, mahitaji ya kipimo hicho yamepungua. Ujuzi usiotumika hufifia haraka.

Sharti moja halipaswi kulegezwa: kila kingamwili ithibitishwe hapa, juu ya damu ya hapa. Mwaka 2011 watafiti walichapisha viwango vya damu vya vijana wenye afya wa kijijini magharibi mwa Kenya, na vilitofautiana na viwango vya Marekani vilivyokuwa vikitumiwa kuwapima. Hakuna sababu ya kudhani kwamba CD34 katika damu ya watu wanaoishi na malaria na minyoo itafuata vitabu vya Baltimore. Madhara ya kuamini kibandiko yanajulikana: mwaka 2017 watafiti walizijaribu kingamwili 13 zilizokuwa zikitumika kutafuta aina moja ya kipokezi cha estrojeni, na 12 hazikufaa kuaminiwa, baada ya miaka ya machapisho yaliyozitegemea.

Kwamba wanasayansi wa eneo hili wanaweza kuifanya kazi hiyo halina shaka. Mwaka 2010 Hawa Nalwoga wa Chuo Kikuu cha Makerere, akishirikiana na wenzake wa Kampala na Bergen, alichapisha uchunguzi wa ALDH1, protini inayohusishwa na seli shina za saratani ya matiti, katika uvimbe wa wanawake wa Uganda. Karibu nusu ya uvimbe huo ulikuwa nayo, na ilienda sambamba na dalili za saratani kali zaidi. Nyama zilizohifadhiwa katika hospitali ya Afrika Mashariki zilijibu swali lililoulizwa na watu wa Afrika Mashariki.

Kakamega ina hospitali kuu ya rufaa ya kaunti na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro katika mji mmoja, na kaunti yenye watu 1,867,579 kwa sensa ya 2019. Kazi ya kwanza ambayo taasisi hizo zinaweza kuifanya pamoja haihitaji tiba ya mabilioni: kukusanya, kwa ridhaa, damu ya kitovu kutoka kwa akina mama wanaojifungua salama, damu ambayo kwa kawaida hutupwa na yenye seli za CD34 nyingi kuliko damu ya mtu mzima, na kuitumia kama sampuli ya kulinganishia kila kingamwili mpya inapofika. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili angeweza kuanza nayo kwa daraja la pili na la tatu, sampuli moja moja, kisha majibu yake yalinganishwe na ya maabara ya Muhimbili.