Hela ya Tabora: sarafu iliyokufa, jina likabaki

Mchuuzi wa stesheni ya Goweko akimwambia abiria "lete hela", anataja sarafu ya Kijerumani iliyokufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni heller, iliyopata jina lake katika mji wa Hall, Ujerumani, ambako zamani vijisarafu vya fedha viligongwa kwa nyundo kimoja kimoja. Warusi nao wana kisa kama hicho: denga, sarafu ya fedha iliyogongwa kutokana na vipande vya waya, ndiyo iliyowaachia neno dengi, yaani pesa.

Kwetu heller ilikuja 1904, serikali ya kikoloni ilipoigawa rupia katika heller 100 badala ya pesa 64. Pesa tuliipata kutoka India, hela kutoka Ujerumani, na maneno yote mawili tungali nayo.

Kilichonivuta zaidi ni cha Tabora yenyewe. Reli ilifika pale 1912, ikipitia Goweko. Vita vilipozuka 1914, manowari za Waingereza ziliziba pwani na sarafu za Berlin zikakatika. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kufua zao katika karakana ya reli ya Tabora. Heller 5 na 20 zilitokana na maganda ya makombora ya mizinga na shaba chakavu, zikapigwa taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), na T ya Tabora.

Dhahabu ya mgodi wa Sekenke nayo ikatoa sarafu ya rupia 15: tembo mkonga juu, milima nyuma yake. Zilitoka 16,198 tu. Kwa macho yangu, hakuna sarafu nzuri kuipita iliyowahi kufuliwa katika ardhi hii.

Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, kazi ikaishia hapo. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huinunua ile ya tembo kwa bei kubwa, na heller 20 huzibagua kwa umbo la taji na ncha za herufi L, kwa kuwa mihuri iliyozipiga haikufanana.

Basi ewe msomaji wa Goweko, Tabora au Kigoma, ukiokota shambani kisarafu chenye T, usikisugue kwa majivu wala usimpe sonara akiyeyushe. Kitunze, uandike ulipokiokota, kisha ukawaonyeshe watu wa makumbusho.