Waimbapo Wazee: Methali Katika Picha ya Jan Steen

Katika karne ya 17 makanisa ya Kiprotestanti ya Uholanzi hayakuwa tena na desturi ya kupambwa kwa picha. Wachoraji wa nchi hiyo waliwauzia zaidi wafanyabiashara na mafundi wa mijini, nao walipenda kutundika ukutani mambo ya kila siku: jikoni, kilabuni, na hasa muziki na karamu.

Miongoni mwa waliosifika kwa picha hizo ni Jan Steen (1626–1679), mzaliwa wa Leiden. Mambo ya ulevi aliyajua vema: babaye alikuwa mpika pombe, na mwaka 1672 yeye mwenyewe alipewa ruhusa ya kufungua kilabu mjini humo.

Picha yake moja, iliyochorwa yapata 1668 hadi 1670, imo katika makumbusho ya Mauritshuis, mjini The Hague. Watu wa rika zote wamekusanyika mezani. Bibi kizee ameshika karatasi akiimba. Kijana anapuliza zumari ya mfuko wa ngozi. Mwanamke ameketi kwa raha, bilauri yake ikimiminiwa mvinyo kutoka juu. Mwanamume mmoja, huku akicheka, anamvutisha mtoto kiko. Sura ya mwanamume huyo ni ya Steen mwenyewe.

Atazamaye upesi ataona furaha tu. Lakini karatasi ya bibi imeandikwa methali ya Kiholanzi yenye maana kwamba jinsi wazee waimbavyo ndivyo vijana wapulizavyo zumari. Hapo pana mchezo wa maneno, kwani kitenzi hicho cha Kiholanzi kilikuwa pia na maana ya kuvuta kiko. Mtoto, basi, ameitii methali neno kwa neno! Naye kasuku, bingwa wa kuiga, yumo chumbani kulikamilisha fumbo.

Je, Steen alionya au alistarehe? Yote mawili. Angalitaka kuhukumu tu, angalijitenga. Yeye amejiketisha mezani, na kosa kubwa kuliko yote amejitwika mwenyewe.

Sisi husema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Methali hizi ni ndugu, ila si pacha. Yetu yamtaja mlezi anayekusudia kulea. Ile ya Waholanzi yamtaja mzee anayejiimbia tu, asijue kuwa anafundisha. Kwa mwalimu, hii ya pili ndiyo nzito zaidi.